Vitabu Vitano vya Mnara Vimekwenda Balambala

Adeer Warsame,

Assalaam aleikum. Ulikuwa ukinikemea nikianza neno kabla ya salamu, kwa hiyo salamu imetangulia, ingawa mimi ni Mkristo wa Bungoma niliyekuita ami kwa lugha yenu, na wewe huwezi tena kuniitikia.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Siku ile wanao walinipa koleo nami nikajaza udongo pamoja nao, na hakuna aliyeniuliza mimi ni dini gani. Jengo letu la mtaa wa Waberi limefika paa. Kibanda chako cha ulinzi kimebomolewa, mbao zake zikashikilia slabu ya juu. Mlinzi mpya ana redio. Saa ya chakula kila mtu anakula akitazama simu yake, na mimi nakula haraka nirudi kwenye karai, maana kukaa pale bila wewe kunanichosha kuliko mawe.

Wiki iliyopita binti yako Hodan alikuja, akasimama langoni mpaka nikaitwa. Akasema, "Wafula, tunahamia Balambala na gari limejaa. Vitabu vya baba nitachukua sanduku moja tu. Wewe ulivisoma naye. Nichagulie vitakavyowafaa watoto wangu. Vinavyobaki, mwenye duka atafungia karanga."

Masanduku mawili ya bati, Adeer. Vitabu ishirini na vinne vya falme na uchawi, ulivyovinunua kimojakimoja kwa wale wanaotandika vitabu chini Nairobi, enzi zile ukiendesha lori la mifugo kutoka Habaswein. Na wa kuvihukumu ni mimi, niliyeacha shule darasa la sita. Nilitaka kukataa. Halafu nikawaza karanga.

Nilitumia kipimo chako. Ulituambia kwamba kwenu Wasomali msikilizaji hakai kama gogo. Kila baada ya maneno machache anajibu "haye", yaani nimesikia, endelea. Ukatufundisha sote, Waluhya, Wakamba na Waborana, tukiwa na sahani mapajani. Ulisema kitabu kizuri ni kile kinachotoa haye bila kuombwa.

Basi nianze na Upanga, vitabu kumi na viwili, vinene kama matofali. Najua uliupenda. Nisamehe. Viwili vya kwanza ni vizuri sana: upanga unaoongea, unaomcheka mwenyewe akiushika vibaya, nani asingependa? Lakini unaongea mno. Kitabu cha nne chote wanatembea kwenda mlimani, na wakifika wanaambiwa warudi. Nilikuwa nakusomea mimi wakati huo, kwa sababu sukari ilikuwa imeshayala macho yako, nawe ukinisahihisha Kiingereza. "Bolebole, Wafula, hilo neno halikimbii." Nikasoma polepole, na haye zikapungua mpaka nikabaki nasikia vijiko tu. Ukasema, "Vumilieni, cha saba kitamu." Hakikuwa kitamu, Adeer. Hata wewe ulisinzia.

Nimempa Hodan viwili vya kwanza. Vingine kumi, mtu asipovisoma hajapoteza kitu.

Mawingu, vile vitatu vyembamba, nilivitia sandukuni bila kufikiri. Yule mwanamke anayechunga mawingu kama watu wanavyochunga ng'ombe, kila moja na jina lake, akiyapeleka kwenye nchi ambayo mfalme ameinyima mvua. Tulivisoma mwaka ule mvua iligoma, mizoga ikiwa imelala kando ya barabara ya Wajir. Unamkumbuka fundi wa chuma aliyezaliwa kwa wafugaji? Alisimama na kikombe chake akasema, "Huyo mama anawaita vibaya, hawatamfuata!" Akatuonyesha mluzi unaofaa. Ukacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai. Sentensi za Mawingu ni fupi, hata mimi sikuhitaji msaada. Nimemwambia Hodan watoto waanzie hapo. Sijasoma kitu kizuri zaidi maishani, na sisemi hivyo kwa sababu umekufa.

Sasa nifike kwenye Mnara.

Mnara ulitusimulia wewe mwaka wangu wa kwanza hapa, macho yako yakiwa bado mazima. Ulikuwa ukisoma ukurasa kimyakimya, unaugeuza kwa Kiswahili, unaendelea. Mjenzi wake alikuwa na jina gumu, tukamwita Fundi. Malkia amemwajiri ajenge mnara ambao mtu akiwa juu ataona falme zote, na kila mfalme anataka uanguke. Tulimpenda kwa sababu alikuwa mmoja wetu, mikono imepasuka, mshahara haujulikani unakuja lini. Mutua wa Kitui akauliza, "Mzee, malkia ana mchumba?" Ukamjibu, "Nyamaza wewe, malkia hataki mtu wa karai."

Kitabu cha tano kinaishia Fundi akiwa kileleni, upepo unavuma, kamba yake inakatika uzi mmoja mmoja. Jioni ya siku hiyo uliyokimaliza, Mutua alianguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya pili, lililofungwa kwa kamba kuukuu. Akapelekwa hospitali, na hatukujua kama ataamka.

Kesho yake tulipanda juu kwa sababu tulihofia kufukuzwa. Saa ya chakula hakuna aliyetaka hadithi, lakini wewe ulifungua kitabu cha sita. Ukautazama ukurasa muda mrefu. Ukavua miwani, ukaifuta, ukasema, "Jua hili linaumiza macho." Kisha ukaanza.

Kamba ilikatika, ulisema. Fundi akashika boriti kwa mkono mmoja. Akateremka jiwe kwa jiwe, akihesabu kwa sauti, na chini watu wakihesabu pamoja naye. Alipofika chini malkia mwenyewe akatoka, akazishika zile kamba kuukuu, akasema hakuna mtu atakayepanda mnara wake mpaka ziletwe mpya. Na Fundi akaenda kwa mama yake, akalala msimu mzima.

Haye zile zilisikika mpaka barabarani. Siku hiyohiyo tulimwambia msimamizi hatupandi mpaka kamba za jukwaa zibadilishwe. Tulikuwa kumi na wawili, na hakuna kati yetu aliyewahi kumjibu msimamizi. Kamba zikaja siku ya tatu. Mutua aliamka, akarudi Kitui akitembea kwa magongo, na bado yuko hai.

Baadaye, kila nilipoomba turudie Mnara ulinikatalia. "Huo tumemaliza, wallahi. Shika kingine."

Ijumaa, baada ya kazi, nilikuwa uani kwa Hodan nikipanga sanduku, nikafungua kitabu cha sita nisome mwenyewe pale panapohesabiwa mawe. Nikasoma ukurasa wa kwanza mara tatu, nikidhani Kiingereza changu kimenipoteza.

Fundi anaanguka. Anakufa kabla ukurasa haujaisha. Anazikwa kwa mistari mitatu, na kesho yake malkia anaajiri mwingine. Vitabu vilivyobaki ni vita tu.

Pembeni mwa mistari ile ulikuwa umeandika neno moja kwa penseli, kwa Kisomali. Nilimpa Hodan anisomee. Akasema, "Maya. Ni hapana."

Nilikasirika kwanza. Niliona umetufanya watoto. Halafu nikakumbuka ile miwani uliyoifuta, na watu kumi na wawili wenye sahani mkononi wakikungoja. Ulisoma kifo kile mbele yetu, ukakigeuza papo hapo bila kukwama hata kwa neno moja. Mwenye kitabu aliandika vizuri, sikatai. Lakini nimebeba mawe miaka tisa kwenye miji ya watu, na sijamwona mtu aliyefanya kazi ngumu kama ile kwa utulivu kama wako.

Kwa hiyo Mnara nimetia vitano tu. Hodan aliuliza, "Watoto wakitaka kujua kilichompata Fundi?" Nikamwambia aache nafasi ya daftari sandukuni.

Ndani yake naandika Mnara kama ulivyotusimulia wewe, saa ya chakula, nimekalia mfuko wa simiti. Hati yangu mbaya unaijua. Wenzetu walipogundua, waliweka simu chini wakaanza kubishana. "Hapana, alishika boriti kwa mkono wa kushoto!" "Malkia alizishika kamba, hakuzitazama tu, andika hivyo!" Nikisoma nilichoandika wanajibu haye. Mlinzi mpya amezima redio.

Vitabu vya sita hadi tisa nimebaki navyo mimi. Havitafungia karanga. Wajukuu wako wakiwa watu wazima nitawapa, waone na lile neno lako la penseli.

Daftari likijaa nitalipeleka Balambala kwa mkono wangu, nilisome mbele yao kabla sijaliacha. Leo Fundi amefika jiwe la kumi kutoka chini. Lala salama, Adeer. Nitamfikisha.

Wako wa karai,
Wafula