Mchuzi Nyuma ya Bati

Jumatatu, 4 Agosti

Nyanya nne, kitunguu kimoja, karoti iliyokwaruzwa laini. Nusura nikwaruze na vidole. Nimechuja maganda yote. Mama mkwe hana jino hata moja. Aling'olewa yote wiki jana hapa mjini, na mpaka fizi zipone ni ugali laini na mchuzi tu. Analala kwenye stoo ya nje. Tumeisafisha, tukaweka kitanda, maana mama mkwe wa Kikamba halali chini ya paa la mkwewe. Wala hali mbele yake. Nthoni ni nthoni, heshima ya ukwe haina mjadala. Kati ya jiko langu na kitanda chake ni bati moja.

Mke wangu Mwende amerudi kutoka kazini, akambebea mamake sahani. Hakusema nani amepika. Mimi pia kimya.

Jumatano, 6 Agosti

Mchuzi wa karanga. Nimeziponda mwenyewe kwenye kinu, gauni la mteja likangoja kwenye cherehani. Kupitia bati nimemsikia: "Mwende, siku hizi unapika kama nyanya yako." Mwende akapokea sifa bila haya. Mwizi huyo. Nimefurahi kama mtoto. Nimeosha sufuria nikipiga mluzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwende amebadilishiwa shifti kiwandani Mavoko. Kuanzia Jumatatu atarudi mimi nimeshalala. Nani atabeba sahani?

"Weka tu kwa mlango, ukohoe, uende," amesema.

Kana kwamba ni kuku.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeweka sahani kwenye stuli mlangoni pake. Nikakohoa. Nikaenda kusimama nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Niliporudi, mchuzi ulikuwa umeganda juu. Hajagusa. Mwende yuko Mavoko, na kitunguu hakijikaangi chenyewe. Amejua.

Jumanne, 12 Agosti

Vilevile. Tangu asubuhi ni chai ya rangi tu. Na dawa zake za presha zinatakiwa baada ya chakula. Mwende amempigia simu. Mama anataka kurudi kwake Masii Alhamisi, fizi zikiwa bado mbichi. Anasema ni aibu mkwe kumpikia na kumletea chakula mwenyewe.

Nimeumia. Kidogo ni kiburi changu. Zaidi ni woga kwamba ataondoka na njaa. Nilipokosa kazi mwaka mzima, mama huyu ndiye aliyetulisha. Alikuwa anakuja na muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na kunde, anaviacha langoni, anaondoka kabla sijatoka. Hakutaka nione haya. Sasa yeye ndiye mwenye njaa, na mimi nimeshindwa kumlisha.

Jumatano, 13 Agosti

Mbaazi. Za shambani kwake, alizokuja nazo. Nimezichemsha tangu mchana, nikaziponda, nikachuja. Nyepesi mno, maji matupu. Nikatupa unga wa ngano moja kwa moja kwenye mchuzi unaochemka. Madonge! Madonge kila mahali, na mtu hana meno. Nimejitukana kwa sauti.

Halafu, upande wa pili wa bati:

"Wewe paka, unga unakorogwa kwanza na maji baridi kwa kikombe. Ndio unamwagwa polepole. Huyo fundi wako hajui?"

Paka wetu alikuwa upande wangu, amelala kwenye gunia la makaa. Nimemgeukia kwa heshima zote. "Paka, asante. Nimesikia."

Nimechuja upya. Nimekoroga unga kwenye kikombe.

"Na chumvi kidogo, paka. Mtu ako na presha."

Nimeweka sahani, nimekohoa, nimeenda kwenye tangi. Niliporudi ilikuwa tupu, imepanguswa safi. Nimeketi pale ngazini nikalia kidogo. Sioni aibu kuandika.

Ijumaa, 15 Agosti

Paka amekuwa mwalimu. Tangawizi iponde, usikate. Dania mwishoni, moto ukishazimwa. Mambo ya Masii hayajatajwa tena.

Jumapili, 17 Agosti

Mwende yuko nyumbani leo. Amenifukuza jikoni, eti nipumzike. Mchuzi wake ameubeba mwenyewe. Sahani imerudi nusu.

Jioni nilikuwa naanua nguo. Mama mkwe alikuwa ndani ya stoo. Mlango wake, kwa mara ya kwanza, wazi.

"Paka," akasema, "mwambie mwenye jiko arudi kesho. Kwani nilikuwa sijui? Nilijua tangu siku ya kwanza. Mwende wangu hajawahi kukaanga kitunguu bila kukiunguza."

Kumbe. Alijua, na alikula, mradi mkono wa binti yake ulikuwa katikati. Sasa katikati yuko paka.

Sikugeuka kumtazama. Nimesema, "Paka, mwambie Mama asante kwa ule muthokoi wa langoni."

Kisha nikamsikia akipenga kamasi.

Nimeloweka mbaazi za kesho.