Unyevu wa Nyumba ya Baba

Nyumbani kwa Onofre Archuleta,
Barabara ya Mfereji wa Kati,
Monte Vista, Colorado.
27 Februari 2018

Mpendwa dada yangu Rosaura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Leland, na kwa Maribel ambaye nasikia amekua hadi kumpita mjomba wake kimo. Hamjambo huko Astoria? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na mvua yenu, tangu Krismasi imekatika hata siku moja? Sisi huku hatujambo. Baridi ya asubuhi bado inang'ata, theluji imebaki upande wa kaskazini wa ua tu, na korongo wameanza kushuka mashambani wiki iliyopita. Kelele zao tunazisikia hadi jikoni. Shangazi Trinidad ameshona blanketi la viraka. Kwanza alisema ni lako, kisha akasema ni la Maribel, na jana nilimkuta amejifunika nalo mwenyewe.

Baba hajambo. Nimelisema hilo mapema kwa sababu nakujua, utakuwa unaruka mistari ukilitafuta. Sasa rudi usome polepole. Nina jambo la kuungama, na ukilisoma mbiombio utanipigia simu kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka tulivyokubaliana kwa simu siku ya pili ya Krismasi, Baba akiwa bado na pamba puani. Ulisema akitokwa na damu tena kiasi cha kupelekwa hospitali kabla ya Pasaka, utakuja mwenyewe na gari, umchukue akaishi kwako moja kwa moja. Nikakubali. Ningebisha vipi? Ilikuwa mara ya pili ndani ya miezi miwili, na kwa dawa ile ya moyo inayozuia damu isigande, damu ikishaanza haijui kukoma. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba pua yenyewe haina ugonjwa. Hewa ya nyumba yetu ndiyo kavu mno, hasa tanuri la gesi la kupasha nyumba joto likiwaka mchana na usiku.

Nilipokata simu ile nilishuka chumba cha chini kuliangalia tanuri. Ubavuni mwake ilikuwa bado inaning'inia ile mashine ya kuongeza unyevu hewani ambayo Baba aliifunga mwaka ule ulipomaliza shule. Nikaifungua. Sponji lake limekuwa jiwe kwa chokaa ya maji yetu, gurudumu la kulizungusha limekwama, na kwa kukisia tu haikuwa imetoa hata tone kwa miaka kumi. Miaka kumi, dada, nami naishi humo humo! Wewe unaijua kazi yangu. Nikiingia ghalani asubuhi, jambo la kwanza ni kutazama unyevu, na ukishuka kidogo nakimbia kufungua maji, viazi vya watu visije vikanyauka. Halafu jioni narudi kumlaza baba yangu kwenye hewa ambayo kiazi kisingemaliza wiki. Niliona aibu sana.

Basi nikanunua mashine mpya. Hii haina gurudumu. Maji yanadondoka taratibu juu ya kitu kama wavu mnene, hewa ya moto kutoka kwenye tanuri inapita hapo, na unyevu unasambaa vyumbani kwa mabomba yale yale ya joto. Muuza duka aliniuliza nani atanifungia. Nikamjibu kwamba nimelea unyevu miaka ishirini na miwili, nifungiwe na nani tena? Kiburi changu unakijua tangu utotoni, sina haja ya kukueleza zaidi.

Siku ya Mwaka Mpya nikaifunga. Baba alikaa kwenye ngazi na kikombe chake cha kahawa akanisimamia, maana kazi isiyosimamiwa naye huwa haijafanyika.

"Umekata pakubwa," akasema nilipotoboa bomba la hewa.

"Sijakata pakubwa, Baba."

"Haya. Basi tundu limekua lenyewe."

Nilijikata vidole viwili kwa bati la bomba lile, lakini mashine ilikaa imara na maji hayakuvuja. Kilichobaki kilikuwa kipima unyevu, kile kidude kinachoonja hewa na kuiamuru mashine ifanye kazi au ipumzike. Sasa hapa ndipo penyewe. Ghalani kipima hatukiweki mlangoni wala ofisini. Tunakiweka katikati ya viazi, kwa kuwa viazi ndivyo tunavyovilinda. Nikajiuliza, katika nyumba hii ninayemlinda anakaa wapi kutwa nzima? Jikoni, kwenye kiti chake, hatua mbili kutoka kwenye jiko. Nikakitundika hapo ukutani, nikakiwekea asilimia thelathini na tano, nikarudi nyuma na kuitazama kazi yangu mikono kiunoni.

Wewe uliyekulia nyumba hii najua umeshaanza kucheka. Ni lini chungu cha maharage kimewahi kuteremka kwenye jiko lile? Tangu enzi za Mama kinapanda saa moja asubuhi na kuchemka polepole mpaka jioni, na Mama alipofariki Baba akaendelea vile vile. Mvuke ukawa unapanda moja kwa moja kwenye kipima changu. Kipima kikaamini nyumba nzima imelowa, nayo mashine ikalala. Kila nikipita nasoma arobaini, mara arobaini na mbili, nami namshukuru Mungu na kujipongeza. Chumbani kwa Baba sikupima. Ningepima nini na kipima kinasema mambo ni mazuri?

Rosaura, haya ndiyo niliyokuficha. Ijumaa ya tarehe 19 Januari, asubuhi, Baba alikuwa ananawa uso, nikamsikia ananiita kwa sauti ya chini. Nilimkuta ameinama juu ya beseni na damu inamtoka matundu yote mawili ya pua. Tulilowesha taulo mbili kabla hatujafika kwenye gari. Njia nzima hadi hospitali aliibana pua yake mwenyewe, nami naendesha huku namwangalia yeye kuliko barabara. Walimchoma kimshipa kingine cha puani ili kukiziba, wakampakia pamba, tukarudi alasiri.

Kwenye gari aliniomba nisikwambie. Lakini simsingizii yeye. Hata asingeniomba, nisingekwambia. Nilijua neno lako ni neno, na kwamba Jumapili yake ungekuwa mlangoni.

Usiku ule kiburi kilikwisha, na kulipokucha nikampigia fundi. Anaitwa Bi Zenaida Maez, wa Alamosa, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuja Jumatatu ya tarehe 22. Alishuka kwenye tanuri, akagusa hapa na pale, akasema nimefunga vizuri. Nikafurahi. Kisha akapanda jikoni, akasimama mbele ya kipima changu, akakitazama, akalitazama jiko, akafunua chungu. Mvuke ukampiga usoni.

"Kaka, mashine yako inasikiliza amri ya nani?"

"Ya hicho kipima."

"Thubutu! Inasikiliza amri ya maharage."

Akacheka mpaka akashika meza. Baba naye, pamba ingali puani, akacheka kwa kukoroma. "Miaka ishirini na miwili na viazi!" akasema. "Hivyo viazi vingejua kusema, vingekupeleka kwa sherifu."

Bi Zenaida akatoa kipima chake kidogo mfukoni, akaniambia nimfuate chumbani kwa Baba. Tulisubiri dakika chache. Kikasoma asilimia kumi na moja. Hakucheka tena, na mimi nilikaa kwenye kitanda cha Baba. Wiki tatu nzima alikuwa amelala kwenye hewa ile, mimi nikisoma arobaini jikoni.

Alikihamisha kipima kwenye bomba kubwa linalorudisha hewa ya vyumba vyote kwenye tanuri, mahali ambapo hewa ya nyumba nzima inachanganyika kabla haijapashwa moto. Mashine ikaanza kutiririsha maji hapo hapo, tukasimama watatu tunaisikiliza. Akanifundisha pia kwamba baridi ikizidi sana nipunguze kiwango, vinginevyo madirisha yatashika barafu na kuta zetu za udongo zitaanza kunywa maji. Na wavu wake niubadilishe kila vuli, nisiuache ugeuke jiwe kama lile sponji. Kisha Baba akamkalisha mezani. Alikula mabakuli mawili ya yale yale maharage yenye makosa, na pilipili ya kijani, na chapati tatu za moto, akaondoka akisema nisithubutu kupika mboga chini karibu na tanuri.

Asubuhi ya pili niliona jasho jembamba pembeni mwa kioo cha dirisha la Baba. Kioo kile hakijawahi kutoka jasho tangu nijue kutazama. Paka wetu siku hizi anashikika bila kutupiga zile cheche za umeme wa hewa kavu. Baba amekoma kukohoa alfajiri, midomo yake haipasuki, na mlango wa chumba chako wa zamani, uliokuwa unajifungua wenyewe majira yote ya baridi, umevimba kidogo na sasa unafunga sawasawa. Kipima nilichonunua kuweka kando ya kitanda chake kinasoma thelathini na nne, thelathini na tano. Nakisoma asubuhi na jioni, na katikati nikipata nafasi.

Leo ni siku ya thelathini na sita tangu Bi Zenaida aje, bila damu, hata ya kuchafua kitambaa. Alhamisi iliyopita nilimpeleka kwa daktari wake wa moyo. Alimwangalia puani kwa taa, akasema ngozi ya ndani imepona.

Hiyo ndiyo kweli yote. Kwa makubaliano yetu ya Krismasi, ulishapata haki ya kuja kumchukua, nami nikakunyima haki hiyo kwa kunyamaza. Nisamehe, dada. Sikuogopa aibu ya kipima, aibu nimeizoea. Niliogopa kubaki peke yangu humu ndani. Nina miaka hamsini na minne, sina mke wala mtoto, na kila jioni nikifungua mlango kuna mtu wa kuniambia nimekawia. Nilimuweka kwenye hatari kwa sababu hiyo, nami najua.

Sasa nikupe habari ambayo Baba amenituma. Jumapili tulipotoka misani alivua kofia, akaketi, akaniambia, "Mwandikie Rosaura. Mwambie nakuja."

"Unahama, Baba?"

"Nani kasema nahama? Nakwenda kumwona binti yangu. Majira yote ya baridi mlikuwa mnataka kunipeleka. Anayepelekwa si mgeni, ni mzigo. Sasa hakuna anayenipeleka, nakwenda mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo Novemba, ulipomwomba aje kutembea tu. Akanijibu kwamba Novemba aliogopa akishaingia kwenu na pua ile, hamtamruhusu kutoka. Kumbe alikuwa amekukumbuka siku zote hizo, na hofu ndiyo imemkalisha. Daktari amekubali apande ndege. Ataondoka Denver Jumanne ya tarehe 3 Aprili, mara baada ya Pasaka, na tiketi ya kurudi ni tarehe 17, maana tarehe 21 watu wanasafisha mifereji ya maji ya mashambani na anasema asipokuwepo watachimba kombo. Huu ni mwaka wa nane hajashika koleo pale, lakini kelele zake zinahitajika. Ameshaanza kupanga sanduku. Pilipili kavu alizokuwekea humo zimeacha nafasi ya mashati mawili tu.

Shangazi Trinidad anakusalimu, na anasema blanketi ni lako kweli, Baba atalibeba. Padre ameniuliza habari zako. Msalimie Leland, na umwambie Maribel babu yake atataka kufundishwa simu yake mpya, awe na subira.

Nimebakiza neno moja, dada. Hewa ya kwenu itamfaa kuliko ya hapa, hata na mashine yangu. Utamwona analala vizuri, anakula, anacheka na mjukuu wake, na siku zikikaribia kwisha moyo utakutuma umwambie abaki. Usimwombe. Tangu uzaliwe hajawahi kukunyima kitu. Ukimwomba atakubali papo hapo, kisha atakaa dirishani kutazama mvua ya watu na kukuambia kila siku kwamba yuko sawa. Ukiona ni lazima uombe, basi niombe mimi. Mimi angalau naweza kukataa.

Mungu awape afya nyote, aitunze nyumba yenu, na amlinde mzee wetu kwenda na kurudi.

Wako akupendaye daima, mdogo wako,

Benigno