Nilimfungia Bariyeri Ili Nimwone

Mama Mahoro mpendwa, mimi ni msomaji wa safu yako gazetini, wa hapa Kamembe, nimekaa na neno hili mwezi mzima bila kumwambia hata mama yangu mzazi, naomba unisaidie, na kama ni kunigombeza nigombeze, mradi unijibu.

Naitwa Védastine, nina miaka thelathini na minne, sijaolewa, na kwa miaka sita nilikuwa nakusanya ushuru wa barabara kwenye bariyeri ya malori yanayopanda kutoka Bugarama, nakaa kwenye kibanda chenye dirisha dogo, dereva anasimama, analipa, namwandikia risiti, napandisha bariyeri, anaenda zake. Kati ya madereva wote kulikuwa na mmoja, Gratien, wa Nyakabuye, aliyefiwa na mke, anabeba mchele, anapita Jumanne na Ijumaa, na alilelewa Bukavu, upande wa Kongo, kama mimi, kwa hiyo tulikuwa tunaongea Kiswahili cha kule. Wengine walinirushia pesa kana kwamba wanatupa maganda ya ndizi, lakini huyu alikuwa anainama kutoka juu kwenye gari mpaka naogopa ataanguka, ananipa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, vile tunavyompa mtu tunayemheshimu, na risiti anaipokea vivyo hivyo. Muda tuliokuwa nao ni ule wa kuandika risiti tu, na nakiri kwamba yake nilikuwa naiandika polepole, herufi moja moja, huku namwuliza kama amekula, malori ya nyuma yakipiga honi. Namba za simu hatukuulizana kamwe, mimi nilingoja aniombe, yeye sijui alingoja nini, na kila Jumanne nilijiambia bado kuna Ijumaa.

Mwaka huu ikaja mashine. Kamera inasoma plaki, kile kibao cha namba ya gari, ushuru unakatwa kwenye simu ya dereva, bariyeri inainuka yenyewe, lori halisimami tena. Siku ya mwisho ya kibanda Gratien aliishika risiti yake akakaa nayo, akaniambia, "Véda, sasa nani ataniulizaka kama nimekula?" Siku zote alikuwa ananiita dada, siku hiyo ndiyo mara ya kwanza aliliacha hilo neno, na mimi nilitaka kumjibu, jibu lilikuwa tayari mdomoni, lakini honi zikazidi nikapandisha bariyeri. Mpaka leo najilaumu.

Sikufukuzwa kazi, nilipelekwa kwenye ofisi iliyo juu ya bariyeri kuangalia plaki kwenye skrini, wenzangu wananiambia nina bahati, niko kivulini, nina kiti kizuri, lakini Jumanne na Ijumaa nilikuwa naona namba za gari lake zinatokea sekunde mbili halafu zinapotea, kioo cha gari kinang'aa, hata uso wake siuoni, na nilikuwa natamani sauti yake mpaka chakula hakipiti.

Sasa nifike penye aibu. Sisi wa skrini tunaweza kuiweka plaki kwenye orodha ya magari yanayokwepa ushuru, na gari la orodha hiyo likifika bariyeri haiinuki, lazima dereva ashuke aje aulizwe. Ijumaa moja niliiweka plaki ya Gratien. Nilifikiri nitateremka mimi, nimwambie mashine imekosea, tuongee dakika tano halafu nimwachie aende, hata kitambaa kipya cha kichwa nilikuwa nimefunga. Lakini mkuu wetu alinikataza kuondoka kwenye skrini, akamtuma mwenzangu Damascène, na utaratibu ni kwamba gari la orodha haliachiwi kabla mwenye gari hajaarifiwa, basi mwenye lori akapigiwa simu kwamba dereva wake amekwepa ushuru. Nilimwona Gratien kwenye kamera, amesimama mvuani kando ya gari, anajieleza kwa mikono yote miwili, na mimi nimekaa. Nikarudi kusoma plaki za magari mengine, Mama.

Jumanne iliyofuata lori lilipita bila shida, nikafurahi. Kumbe aliyekuwa kwenye usukani hakuwa yeye. Damascène ndiye aliyenieleza, kwa Kiswahili cha kule Bukavu: "Ule shofere wa mchele balimunyanganya gari. Eko tu kwabo Nyakabuye, bantu banamuita mwizi."

Sasa namba yake ya simu imo kwenye mashine, naiona kila siku, nimeshaikariri. Je, nimpigie nimwambie tu kwamba nampenda na kwamba nitamsaidia kutafuta kazi nyingine, hilo la orodha nilizike? Nikilisema nitafukuzwa, na yeye atanichukia. Nina hamu naye, Mama, hamu inayoniamsha na kunilaza, na sijui niipeleke wapi.

Ni mimi Véda, Kamembe

*

Véda,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nilikasirika, na ninakujibu nikiwa na vyote viwili moyoni.

Mwanaume anayekuuliza nani atamwuliza kama amekula, huyo alikuwa anakuambia. Ulisikia, ndiyo maana inakuuma. Lakini usiisingizie mashine. Miaka sita mlikuwa na dirisha, mlikuwa na midomo, mkaachia risiti ifanye kazi ya maneno. Pole sana, nakuambia kwa moyo wote.

Huruma yangu inaishia hapo. Namba ile ya simu aliiandikisha kwa ajili ya barabara, si kwa ajili yako. Umeshatumia mashine ya kazini kumwita mwanaume mara moja, ukaona kilichomfika. Usirudie. Na hiyo habari ya kumtafutia kazi nyingine iache kabisa. Kazi alikuwa nayo! Anachohitaji ni gari lake na jina lake, na anayeweza kumrudishia ni wewe peke yako.

Jumatatu asubuhi, kabla hujakalia hicho kiti kizuri, ingia kwa mkuu wako ueleze ulichofanya. Usiseme mashine, usimtaje Damascène, sema mimi. Omba barua yenye muhuri inayosema dereva huyu hakukwepa ushuru, uipeleke mwenyewe kwa mwenye lori, usitume mtu. Watakufukuza? Huenda. Yeye alifukuzwa bila kosa, wewe unalo.

Halafu mwambie mama yako yote, mpande basi dogo la Nyakabuye pamoja, maana ukienda peke yako watu watampa Gratien jina lingine juu ya lile la mwizi. Ukifika kwake anza na kosa. Habari ya kupenda usiiguse siku hiyo hata kidogo, ataiona ni asali ya kumezea dawa. Ukimaliza, nyamaza, umwache aseme anachotaka kusema, hata kama ni matusi.

Unaogopa atakuchukia. Anaweza. Lakini kama huko aliko anakukumbuka, anamkumbuka mwanamke ambaye asingeweza kumfanyia hivyo, na mwanamke huyo hayupo. Mpelekee aliyepo. Akikufungia mlango utarudi Kamembe unalia, nami sitakudanganya kwamba utalia kidogo. Lakini yeye atakuwa amerudi kwenye usukani, na hilo ndilo unalopaswa kulitamani kwanza.

Mama Mahoro