Sauti ya Bibi Ufukweni Kibirizi

Winipegi, Kanada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na goti limetulia, maana Dada ameniambia siku hizi unapumzika mara mbili kabla ya kufika sokoni. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku imenishinda kuizoea. Kazi ni ileile ya kuhudumia wazee: nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza. Mmoja wao anapenda muziki wa kantri, ule wa gitaa wa wachunga ng'ombe wa kizungu, na kila akiwasha redio yake nawakumbuka Babu na Bibi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikimtaja Babu kwenye simu unasema chakula kinaungua. Tafadhali Mama, isome hadi mwisho.

Jumamosi iliyopita nilialikwa harusi ya watu wa kwetu, wa ng'ambo zote mbili za ziwa. Mama mmoja alinisikia nikisema nimekulia Kasingirima, Kigoma, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamjibu kwamba mimi ni mjukuu wa wale wazee wa kofia pana waliokuwa wakipiga kantri kwenye harusi. Akaweka sahani yake chini. Kumbe ni Mama Riziki, yule mgeni wetu aliyekaa chumba cha uani mwaka ule mashua za wakimbizi zilipokuwa zikifika kutoka Kongo kila kukicha.

Tulianza kwa kucheka. Alikumbuka jinsi Babu, mtu wa stesheni, alivyojifunza nyimbo zile kwenye santuri za mzungu fundi wa reli, akazigeuza zikawa zetu: ng'ombe aliyekataa kuuzwa, mwanamume aliyefiwa na mke anavyohangaika na ugali, treni isiyotaka kuondoka Kigoma. Babu na gitaa lake, Bibi na ile kofia juu ya ushungi, anaanza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kiha, sauti inafika hadi Rusimbi. Nilikuwa na miaka tisa tu, lakini hayo nayakumbuka.

Kisha nikamweleza tunavyojua sisi: kwamba kwenye harusi ya Mama Mdogo, Babu alisimama mbele ya watu na kutangaza kuwa amemkataza mke wake kuimba. Kwamba wewe uliinuka ukaondoka, na tangu siku ile hujakaa na baba yako. Hata Bibi alipofariki ulimpa mkono msibani kama unayempa mpita njia.

Mama Riziki alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Si kweli, mwanangu. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba ile."

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akienda ufukweni Kibirizi kila asubuhi na ndoo ya uji? Uji aliupeleka kweli. Lakini watu walikuwa wakishuka wametawanyika, mama mashua hii, watoto mashua ile, na kipaza sauti hakikuwepo. Mama Riziki alifika bila binti yake wa miaka minne, akakaa mchangani, hali wala hanywi. Bibi akamuuliza mtoto anaitwa nani, akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaliita jina lile. Aliliita siku nne. Siku ya nne mwanamke mmoja akatokea nyuma ya chanja za kuanikia dagaa, Riziki mgongoni.

Baada ya hapo watu walimpangia foleni Bibi kumpa majina. Aliita toka asubuhi mpaka adhuhuri, juani, akishindana na injini na makelele ya wapagazi. Watoto, waume, wazazi. Wengi hawakuitika. Aliendelea hivyo kwa wiki nyingi, na mashua zilipopungua, sauti ilikuwa imekwisha. Kuongea aliweza, ule ukavu wa sauti yake unaukumbuka. Kuimba, basi.

Siku moja kabla ya harusi ya Mama Mdogo, baada ya alasiri, Mama Riziki aliwasikia chumbani wakifanya mazoezi. Wimbo ukifika pa kupanda, sauti inakatika. Walirudia mara tatu. Bibi akasema wageni wasijue, kwani yule mwanamke wa chumba cha uani akijua sauti iliishia kuita jina la mwanawe, hatakula tena kwa raha ndani ya nyumba hii.

"Basi nitasema nimekukataza," Babu akasema. "Waniseme mimi."

Bibi akamwambia watamwita mume wa wivu, na binti yake mwenyewe atamchukia.

"Atanisamehe," Babu akajibu.

Mama Riziki anasema alinyamaza kwa sababu kama angefungua mdomo, siri waliyoitunza kwa ajili yake ingekuwa bure. Baadaye akahamia kambini, kisha huku. Pale harusini, alikuwa bado ananisimulia huku analia Riziki mwenyewe alipopita, msichana mrefu, akatuuliza kama tumepata soda.

Kesho yake nilimpigia Babu nikamwambia yote. Hakukubali wala hakukana. Aliuliza tu kama Riziki ni mzima, na kama anasoma. Kisha akaniomba nisikwambie, kwa vile Bibi hakutaka. Nimemkatalia, Mama. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumkatalia kitu, na nimelia baada ya kukata simu. Yule mzee ana miaka mingapi mbele yake? Sitaki nipigiwe simu ya msiba wake nikiwa huku, na wewe bado hujui ukweli.

Nisalimie Dada na mumewe, umwambie picha za mtoto zimefika. Msalimie Mama Mdogo. Hii ni habari yake pia, msomee. Msalimie Mjomba wa Ujiji na jirani yetu mshona nguo aliyenishonea gauni la safari.

Na Babu, msalimie wewe, kwa mdomo wako.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Zainabu