Nati Zilibaki Mahali Pake

Makame wangu,

Nimelipiga gari la Bwana Salehe kwa shoka. Nakwambia mwenyewe mapema, kabla hajafa mtu wa Ng'ambo akakufikishia habari kombo, maana watu wa mtaa wetu hata kaburini watakwenda na umbea wao. Nimelipiga jana asubuhi, Darajani, sokoni, mbele ya kaumu ya watu, nami nimo ndani ya eda yako, nguo nyeupe gubigubi. Naam. Kizuka mzima, mjane wa eda, katoka na shoka. Cheka ukitaka. Mie sijacheka bado.

Kiganja kimechanika, nimekifunga kitambaa, kwa hiyo herufi zangu za chuo cha Kurani zitakwenda upogo. Utazisoma hivyo hivyo.

Nna hasira mpaka meno yananitetema. Wewe unajua hii habari ilipoanzia. Ilianzia jikoni kwangu, ile jioni uliyorudi umenuna ukakaa juu ya kibao changu cha mbuzi. Ukanambia Bwana Salehe, mwenye gari, kaleta magurudumu ya lori la jeshi, ya tangu wakati wa vita, anataka yafungwe kwenye gari la abiria la Chwaka unaloliendesha, badala ya yale yaliyochakaa. Ukatoa mfukoni vipande viwili vya ukindu ulivyoviiba kwenye mkeka wangu. Kimoja ulikipimia gari, kutoka tundu la nati mpaka tundu la pili. Kimoja ulikipimia gurudumu la jeshi. Ukavilaza sambamba sakafuni. Kimoja kilizidi upana wa ukucha.

"Ukucha tu?" nilikwambia. Lo, ulivyonitolea macho! Ukanyakua mfuniko wa sufuria ya wali ukauweka juu ya sufuria ya mchuzi. "Umekaa, sivyo? Haya, ibebe ukimbie nayo." Ukanieleza kwamba asiyejua anahesabu matundu, akiona idadi ni moja anasema limefaa. Bado hajui kama lile tundu kubwa la katikati linakaa kitako kwenye ekseli au linachezacheza. Bado hajui kama mdomo wa kila tundu dogo umechongwa kufuata umbo la nati, nati ishike mzunguko mzima, au inagusa pembe moja tu. Bado hajui kama gurudumu limeingia ndani mno mpaka mpira unasuguana na springi. Nami nakoroga mchuzi, nasema ndiyo, ndiyo. Kumbe nilikuwa nasikia kila neno.

"Gurudumu halilazimishwi," ulisema. "Likikataa, limekataa."

Bwana Salehe akalilazimisha. Akamweka fundi na tupa, akayatanua yale matundu mpaka yakaingia. Wewe ukaapa hulipandi gari lile na magurudumu yale, na hukulipanda. Ukaendelea na yale machakavu, taratibu, abiria wakikucheka kwamba unaendesha kama bibi harusi.

Mpaka Ijumaa ile. Ulikwenda kusali ukaliacha gari. Ulipokuwa msikitini mwanahizaya yule akayafungisha ya jeshi, akayapakaza matope yaonekane ni yale yale machakavu. Fundi mwenyewe kamwambia Ali, kondakta wako, baada ya maziko, akilia. Umetoka msikitini, abiria wameshakaa, wanapiga kelele jua litakuchwa, kuku wanalia chini ya viti. Ukapanda. Hukuinama kutazama. Wewe, uliyekuwa ukiinama hata nikikutuma dukani!

Kupita Dunga kidogo gurudumu la mbele, la upande wako, likang'oka. Likaondoka peke yake likaingia shambani kwa watu, likaangusha migomba. Gari likalalia ubavu wako, likaburura chuma barabarani, likaupiga mnazi. Wakakuleta nyumbani, wakaniambia nisikutazame. Nikakutazama. Sukani ilikuwa imekuvunja kifua, na taya lako halikuwa pahala pake, na nilipolishika kulirudisha lilinisikiliza kama limelegea kwa usingizi. Nilipiga ukelele mpaka nikatapika. Mikono hii ndiyo iliyokushika, na mikono hii ndiyo iliyoshika shoka, na sioni haya kwa lolote kati ya hayo.

Ali alikuja na mbavu zake zimefungwa, akakaa nje ya pazia. Akanambia, "Shemegi, nati zote zilibaki mahali pake. Gurudumu ndilo lililotoka." Basi nikafahamu. Hukulegeza nati wewe. Matundu yalikuwa makubwa hata gurudumu likapita juu ya nati likaenda zake.

Na huyo maluuni akaja matangani! Akakaa barazani kwetu, akanywa kahawa yetu, akatafuna tambuu, akawaambia wanaume kwamba ulikuwa ukilikimbiza gari kama mwendawazimu. Ukuta wa udongo hausitiri maneno, nikasikia yote. Niliinuka nimng'ate koo. Mamako akanikalia. Khasa, Makame, Bi. Mize alinikalia kwa makalio yake juu ya mapaja yangu mpaka wageni wakaondoka. "Uko edani," akanambia. "Hutoki. Ukitoka unamvua nguo mwanangu kaburini."

Alikuwa akinilinda kama mwizi. Dirisha kafunga yeye, maji ya kuoga kachota yeye, nikikohoa anauliza nakohoa nini. Nikasema sawa, nitakaa, mume wangu anastahili eda yangu nzima.

Halafu akaja Haji.

Mdogo wako, Makame. Yule uliyenikabidhi bado ana makamasi, ukanambia huyu ndiye mwanangu wa kwanza kwako. Niliyemtoa funza miguuni, niliyemchapa akitoroka chuo. Akasimama nje ya pazia na furaha imemjaa kooni. Bwana Salehe kalinyoosha gari, anamtaka yeye awe dereva. Nikamuuliza magurudumu gani. "Yale yale, shemegi, lakini wameyapaka rangi nyekundu, yanang'ara." Nikamwambia kayapime. Nikamwambia habari ya ukindu, ya mdomo wa tundu, ya nati zilizobaki. Nilimbembeleza, mie, nisiyebembeleza mtu. Unajua alinijibu nini? "Nati zimeingia, kubwa kuliko za kwanza. Kaka alikuwa na mbio, Mungu amsamehe."

Ndugu yako wa tumbo moja!

Nilikamata kibao cha mbuzi nikakirusha. Kilipasua pazia, kikajikita kwenye fremu ya mlango pale pale ilipokuwa shingo yake. Akatoka anakimbia na kunilaani. Ali nikamtuma kwa sheikh, nikamtuma kituo cha polisi, nikamtuma kwa wazee wa mtaa. Wote jibu lao moja: mjane ana uchungu, apewe nafasi. Mamako naye akasema Haji ni mtu mzima, ana akili zake, na mimi niko edani.

Jana asubuhi alipita barazani kumuaga mama yake. "Leo naanza, Mama." Nikasikia viatu vyake vipya vinaondoka, naye anapiga mbinja kwa mdomo. Ile mbinja, Makame. Ilinikata ndani. Nilimwona mtoto yule amelala sakafuni hapa, taya pembeni, nami narudi tena kulishika. Mamako alikuwa uani anatawadha. Nikachukua shoka la kuni nyuma ya mlango nikatoka.

Unajua watu walivyo. Kizuka haonekani nje. Akionekana ni nuksi, atakayemtazama litamfika jambo. Nilipotokea Mlandege mbio, peku, nyeupe tupu, akina mama waliwaziba watoto macho. "Kizuka! Kizuka jamani!" Muuza samaki aliacha samaki wake akaingia chini ya meza. Gari linachinja watu na wanalipanda kwa kugombania viti, mjane mmoja akipita wanakimbia. Nikawatukana wote, kulia na kushoto, huku nakwenda.

Darajani gari limejaa tele, Haji kakaa pahala pako, anapiga honi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele nikaliinulia shoka. Pigo la kwanza liliteleza. La pili liliuingia mpira, ukapasuka kama mzinga wa futari. Shoka lilirudi likanichana kiganja, damu ikaruka mpaka usoni, nguo ya eda yako ikawa ya mchinjaji. Nikapiga tena. Nikapiga chuma, nikapiga ile rangi nyekundu mpaka ikatoka magamba. Nilikuwa nasema jina lako kila nikipiga, au labda nilikuwa nalia tu. Sijui.

Bwana Salehe akaja mbio na kanzu kaishika mkononi. "Mshikeni! Mshikeni huyo!" Na nani anishike? Mwanamume gani wa Unguja atautia mkono wake kwenye mwili wa mwanamke aliye edani, hadharani? Askari alikuwepo, na rungu lake. Alinitazama, akatazama mbingu, akaenda kusimama upande wa pili wa gari. Wakabaki wamenizunguka kama wanaotazama ngoma. Basi Bwana Salehe akaja mwenyewe kuninyang'anya. Nilimpa mpini wa mdomo. Alikaa chini, akatema tambuu na jino pamoja, nami nikafurahi. Nakwambia kweli, nilifurahi, na ningempa mwengine angeinuka.

Haji akashuka. Analia kwa hasira. "Umenidhalilisha! Umenimaliza mbele ya watu!" Akainua mkono. Nikamwambia nipige, nivunje, niue kabisa, lakini hulipandi. Mkono ukabaki juu.

Hapo ndipo watu wakapiga kelele aitwe mama mkwe, yeye mwanamke, yeye atanishika. Kumbe yuko njiani. Alikuja na kanga mbili, bila ya buibui, Makame, mamako, miguu imelowa maji ya udhu. Nikajua yangu yamekwisha. Tangu siku uliyonioa mwanamke yule hajanionea huruma. Nikaliweka shoka chini nikangoja kofi.

Alilitazama gari. Alinitazama nilivyojaa damu. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza chumvi iko wapi, "Lipi lililomuua mwanangu?"

Nikamwonesha.

Akawageukia abiria. "Shukeni." Walishuka, wengine kwa madirishani. Halafu akaliokota shoka. Mzee yule, asiyeweza kupasua dafu! Alikuwa anapiga na kila pigo linamwinua kutoka ardhini. Hakuna aliyethubutu kusogea. Alipiga mpaka mpini ukavunjika, kisha akaendelea kwa mkono mtupu, anakipiga chuma makofi kama anampiga mtu, na analia jina ulilopewa udogoni. Mimi ndiye niliyemshika yeye.

Ali akaja na spana, akalitoa gurudumu, akaliinua juu kwa mikono miwili na mbavu zake mbovu. Kila mtu akaona. Matundu yamekuwa marefu kama yai, alama za tupa zinang'ara ndani yake. Ali aliwageuzia watu wa Chwaka, halafu wa mjini, halafu akamgeuzia Haji, akalishikilia hapo muda mrefu. Haji akaondoka.

Na Bwana Salehe? Watu wale wale walioniogopa walimwinua pale chini na wakamshukia. Kwa makonde, kwa viatu, mtu mmoja kwa papa mkavu. Askari akaona sasa ndiyo kazi yake, akamtoa huko kanzu haina mkono mmoja. Mimi nimeandikiwa kwenda kortini eda itakapokwisha. Nitakwenda. Gari limelala Darajani kifudifudi kwa pua, na mpaka leo hakuna anayetaka hata kuegemea kivuli chake.

Mtaa unasema nimeivunja eda. Mamako kawajibu dirishani, maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa herufi za chuo. Usiku kanifunga kiganja, kanisuka nywele. Dirisha kalifunga kama kawaida yake.

Lakini Haji, Makame. Haji hanisamehe. Anajua sasa hukuwa na mbio, nimemsikia akilia uani peke yake, lakini mimi hanisamehe. Anasema hakuna mwenye gari atakayemtaka dereva ambaye shemegi yake anamfuata na shoka, na watoto barabarani wanamwimba. Leo alasiri alisimama nje ya dirisha langu akanitukana. Kanitukana mimi, akanitukania mama yangu, akaitukana siku niliyoingia nyumba hii. Alitukana mpaka sauti ikamkauka, akaenda akanywa maji mtungini, akarudi akaendelea. Nilikaa nyuma ya ubao wa dirisha nikamsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa naisikia pumzi yake ikipanda na kushuka, nasema moyoni, haya, tena, sema tena.

Nakuaga, mume wangu. Mungu akupe nafasi huko, na akupunguzie hasira kuliko mimi. Eda yako nitaikaa iliyobaki, kimya, kama unavyostahili. Na huyu uliyenikabidhi, nakuahidi: atanitukana mpaka azeeke.

Mkeo