Kofia Niliyoivulia Pikipiki Yako

Kaka yangu mpendwa Wafula,

Leo salamu sitoi. Unanijua mimi ni mtu wa salamu, nikianza kusalimia watu wa ploti asubuhi wengine huchelewa kazi. Lakini leo hapana. Mikono yangu inanuka. Nimeiosha kwa sabuni ya kipande, nimeisugua kwa majivu, nikaipaka ndimu, na bado inanuka pikipiki yako. Jana nimekula ugali kwa kijiko, kaka. Mimi! Kwa kijiko, kama mgonjwa.

Ngoja nikueleze, na watu wengine wakisoma pia wajue ulikuwa mtu wa aina gani.

Tangu tukuzike kule Bungoma, ile pikipiki yako nyekundu, ile uliyoiita Bibi Harusi, imekaa nyuma ya nyumba yako hapa Kangemi, imefunikwa turubai lenye matundu. Mvua yote imeipitia. Mama Nekesa akachoka kuiangalia. Akaita mtu wa vyuma chakavu, wakaelewana aje Jumamosi na mkokoteni. Sasa shida ikawa Nekesa, binti yako. Leseni ameshapata, na kuna watu wa kupeleka chakula pale Westlands wamemwambia kazi iko, ila aje na pikipiki yake. Kwa hivyo ilikuwa mambo mawili tu: hiyo kitu ingurume kabla ya Jumamosi, ama iende kuyeyushwa na msichana aendelee kukaa nyumbani akiangalia ukuta.

Na wakati maneno hayo yanasemwa, nani alikuwa amesimama hapo uani na chai mkononi? Mimi. Na mdomo wangu unaujua.

"Shemeji, hiyo ni kazi ya siku moja," nikasema. "Mimi nimefufua trekta Webuye ambayo mwenyewe alikuwa ameshaifanyia matanga."

"Ulifufua na nini, Anko?" Nekesa akauliza.

"Na sikio. Niliisikiliza tu, ikaona aibu, ikawaka."

Nekesa akaangalia mama yake. Mama yake akaangalia juu.

Kusema kweli, pikipiki nilikuwa sijawahi kufungua. Lakini pale Hurlingham ninapotunza zile nyumba za kupangisha, nimefungua pampu za maji, nimefungua vitasa, nimefungua choo ambacho mafundi watatu walikikimbia. Na pikipiki ni nini? Si ni pampu yenye magurudumu? Shule niliiachia darasa la saba, lakini chuma hakiulizi cheti.

Basi nikainua kiti. Kaka! Ulikuwa unaishi namna gani? Nilikuta gunzi la mahindi choma. Nilikuta glavu moja imeota ukungu wa kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Nikafungua kile kisanduku ambacho injini inapumulia, na humo ndani kulikuwa na panya. Si panya mmoja. Panya mama, ana nyumba, ana watoto wa rangi ya waridi wasio na nywele, wamelala juu ya pamba na nywele za kusuka za mtu nisiyemjua. Nekesa alipiga kelele. Mimi sikupiga. Na wale wanaosema nilipanda juu ya tangi la maji, nilipanda kuangalia mtaa.

Halafu petroli. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai iliyolala, inanuka kama rangi ya ukuta iliyooza. Nilitaka kuitoa na mpira. Fundi wa kawaida angeinamisha tangi, lakini mimi nikavuta na mdomo. Nilimeza, kaka. Siku mbili kila nikicheua mke wangu Mama Kevo ananifukuza karibu na jiko, eti nitalipua watoto.

Na ule ufa wa tangi uliouziba na sabuni! Sabuni ya kufulia nguo! Najua, kila mwenye pikipiki Nairobi hufanya hivyo, lakini wao hufanya ili wafike gereji. Wewe ulifanya ukaona umemaliza. Mabonge yake yalikuwa yameshuka mpaka kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, yakajaza vitundu vyote kama makamasi ya mtoto. Niliyachokoa moja moja na waya wa ufagio huku nikitema mate. Nyaya zako ndiyo sitaki hata kuzitaja. Umezifunga na kamba ya kiatu, na plasta ya kidonda. Plasta iliyotumika, kaka. Ilikuwa na damu.

Nilisafisha yote. Nikaweka petroli mpya, na betri nikaipeleka kuchajiwa. Nikaipiga kiki mpaka goti likalia kama mlango wa kanisa. Kimya. Taa zinawaka, honi inalia, injini kimya.

Hapo nikajua ni moto wa plagi. Hii naeleza kwa wasiojua: unatoa plagi, unairudisha kwenye kofia yake ya waya, unaiegemeza kwa chuma cha injini, mwenzako anapiga kiki. Ukiona cheche ya buluu, moto uko. Nekesa akapiga. Hakuna. Nikasugua plagi. Hakuna. Nikashuka mjini kwa maduka ya spea nikanunua koili mpya, ile inayotuma moto kwa plagi, mwenye duka akaapa kwa mama yake kwamba ni halisi. Nilipofika nyumbani nikaukwaruza ule mchoro wa kampuni uliobandikwa juu yake na ukucha, ukabanduka, na chini yake kulikuwa na mchoro mwingine wa jina lingine. Kumbe nimeuziwa ya kughushi. Nikaifunga hivyo hivyo. Hakuna.

Ijumaa jioni Nekesa akafuta mikono kwa suruali akaniambia pole pole, bila dharau, na hiyo ndiyo iliniuma: "Anko, sema tu haujui. Sitakasirika."

"Niko njiani kujua," nikamjibu.

Lakini nilienda kulala nikiwa nimekuchukia. Nilijiuliza mtu anayetia shati lake pasi namna ile anawezaje kukalia uchafu namna hii kila siku. Kitu kimoja tu safi kwa hiyo pikipiki kilikuwa sala yako.

Unakumbuka zile asubuhi? Unanipitia nyumbani kwangu ukienda kazi ya utarishi, unipeleke Hurlingham kwanza ndipo ushuke mjini na mabahasha ya watu. Nikitoka nakukuta nje, umeshazima, umesimama kando ya Bibi Harusi. Unainama. Kichwa chini, mkono wa kulia unauingiza chini ya kiti kama mtu anayemshika mgonjwa paji la uso. Unakaa hivyo kidogo, kimya. Ndipo unapanda na kuwasha. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nikajiambia, kumbe kaka yangu ni mtu wa Mungu na hajisifu. Nikavua kofia. Tangu hapo kila asubuhi ukiinama, nami navua kofia. Mvua ikinyesha, navua. Siku moja uliniona nimesimama hivyo, kipara kinatiririka maji, ukasema kwa sauti, "Amina!" kisha ukacheka kwa pua. Nikashangaa mtu gani anacheka baada ya amina. Nikadhani ni furaha ya wokovu.

Siku ya kukuzika nilisimama mbele ya watu wote nikasimulia hiyo sala. Niliongeza chumvi kidogo, nikasema hata injini ilikuwa inangoja umalize. Mchungaji akaacha mahubiri yake akahubiri yangu. Wazee walilia.

Jumamosi, mtu wa vyuma akafika mapema na mkokoteni wake, ana jino moja la mbele na spana ya kugonga gonga vitu vya watu. Akagonga tangi. Akagonga injini. Akafikicha kutu kwa vidole akanusa, akalamba midomo.

"Mzee, hii ni marehemu," akaniambia. "Wacha nibebe. Na ile sufuria imetoboka pia nitabeba."

Neno marehemu lilinipanda kichwani. Nikasimama kati yake na Bibi Harusi. Nekesa alikuwa tayari ameweka mguu kwa kiki, kujaribu mara ya mwisho, na mimi nimeshika plagi.

"Usiguse!" nikamwambia. "Unajua hii ni pikipiki gani? Hii imeombewa. Kaka yangu hakuwahi kuiwasha bila kuomba. Wewe ukiivunja, hiyo spana itakugeukia."

Mama Nekesa alikuwa mlangoni anachambua sukuma wiki. Akasonya.

"Nani aliomba?"

"Kaka."

"Baba Nekesa? Huyo mtu? Hata chakula alikuwa anameza kabla sijafunga macho! Shem, kwa matanga nilikunyamazia juu ya wageni. Ulimwona akiomba wapi?"

"Hapa kwa pikipiki, shemeji. Kila asubuhi. Anainama hivi, mkono anaweka chini ya kiti..."

Nikanyamaza. Nafikiri ni mara ya kwanza maishani nimenyamaza katikati ya hadithi yangu mwenyewe.

Nikainama. Nikaingiza mkono wa kulia chini ya kiti, mahali pale pale. Nilifunga macho, kwa sababu ya harufu. Vidole vikapita kwenye grisi, vikapita kwenye kitu chenye miguu ambacho sikutaka kukijua, vikafika nyuma ya chuma. Pale palikuwa na swichi ndogo, kama ya tochi. Nikaibonyeza.

"Piga," nikamwambia Nekesa.

Akapiga. Na mimi nilikuwa bado nimeshika plagi kwa mkono wa kushoto.

Kaka, ulinichapa. Nilirushwa, nikapita juu ya mkokoteni, nikaenda kutua kwenye karai ya sukuma ya shemeji. Wengine watakwambia nilikaa tu chini nikasema maneno mabaya. Lakini kwa macho yangu niliona ile cheche ya buluu, na ilitokea kwangu.

Tukarudisha plagi. Nekesa akapiga kiki. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi na vipande vya nyumba ya panya, ikanguruma. Mtu wa vyuma akaziba pua, akachukua sufuria yake akaenda. Mama Nekesa alibaki pale mlangoni na mkono mdomoni, kwa sababu mlio ule ndio aliokuwa akiusikia jioni akijua aweke maji ya ugali jikoni.

Na mimi nikasimama pale, sukuma kichwani, hasira zikanipanda upya. Miaka yote ile navua kofia kwa swichi! Kumbe ulikuwa unawafungia wezi, na mimi nyuma yako na kipara mvuani, na wewe ukisema amina. Hukuniambia hata siku moja. Ulinifanya mjinga mpaka kaburini, na mchungaji mzima tukamtia ndani.

Lakini jioni, nikifua mafuta kwa nguo, nikafikiri jambo lingine. Swichi ilikuwa imezimwa. Siku ile uliporudi na homa, ukaiegesha nyuma ya nyumba, ukatembea kwa miguu yako kwenda hospitali ukasema unarudi kesho. Hata na ule mwili unaotetemeka, uliinama kwanza ukaifungia wezi. Mtu hafungi kitu kama hana mpango wa kukifungua. Ulimaanisha hiyo kesho, kaka. Hapo niliacha kufua.

Sasa Nekesa anafanya kazi. Usiku nikitoka zamu namwona wakati mwingine akipita barabara ya Argwings Kodhek na lile sanduku la chakula mgongoni, anapiga honi mara mbili, mimi nawaambia walinzi wa geti injini ile niliitengeneza kwa sikio. Tangi amelichomelea vizuri. Panya amehama. Na wewe mwizi unayesoma barua hii usijisumbue, hiyo swichi msichana ameshaihamisha, na mahali ilipo hata mimi hajaniambia.

Ila asubuhi, kabla ya kuwasha, bado anainama. Mkono anauingiza chini ya kiti, pale pa zamani, ambapo siku hizi hakuna kitu. Anakaa hivyo kidogo, kimya. Nilimuuliza anashika nini. Akasema, "Hakuna, Anko. Ndivyo huwashwa."

Nami navua kofia. Cheka huko uliko, kwa pua yako hiyo. Harufu ya mikono yangu haijatoka, na amina, safari hii, nasema mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Anko wa Nekesa, Kangemi