Kwa Meneja Wetu wa Pembeni ya Kioo

Umetimia mwaka, Meneja, tangu utuache, na pale pembeni ya kioo kikubwa, kwenye duka la kunyolea la baba, hakuna aliyethubutu kuweka kitu. Jirani muuza viatu aliomba aegeshe pikipiki yake hapo, mvua ipite tu. Baba alimtazama, kisha akarudi kwenye kichwa alichokuwa akikinyoa. Pikipiki ikalowa.

Naandika mimi, dada yako. Baba alitaka kuandika mwenyewe, lakini yote aliyoyaandika yakawa ya mpira, mama akamnyang'anya kalamu. Mama naye alianza vizuri, akafika kwenye neno "mwanangu" akashindwa kuendelea. Basi kazi ikaniangukia mimi mwenye mdomo kuliko wote nyumbani, kama mlivyozoea kunisema. Na wewe ulikuwa ukiwaunga mkono, usidhani sikukuona.

Ulizaliwa na mwili uliogoma kukutii. Mikono ilikwenda ilikotaka yenyewe, miguu haikukubeba hata siku moja, shingo ilihitaji mto, na neno halikuwahi kutoka kinywani mwako. Ulilishwa, ukaogeshwa, ukageuzwa kitandani. Wageni walikuja wakampa mama pole mbele yako, kana kwamba wewe ni kabati. Mama alikuwa akiwajibu, "Pole ya nini? Huyu anakula kumshinda baba yake."

Kila asubuhi baba alikusukuma hadi dukani, akakiweka kiti chako cha magurudumu pembeni ya kioo, uone mlango, wateja na televisheni kwa pamoja. Alisema duka lisilo na meneja halina heshima, na jina likakuganda. Ulipenda harufu ya poda. Mlio wa mashine ulikuchekesha, na ulipocheka, kichwa kilikwenda nyuma, miguu ikarushwa huku na huku, duka zima likacheka. Siku moja baba naye akacheka mkono ukamteleza, na mwalimu mmoja wa hesabu akaondoka na njia nyeupe juu ya sikio. Alirudi wiki iliyofuata, akakaa mbali nawe.

Tulidhani tunakujua. Baba ni mtu wa timu ya bluu, basi kila msimu ulivalishwa jezi ya bluu. Bluu wakifunga goli, ulipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Mwoneni mwanangu," baba alikuwa akiwaambia wateja. "Damu yangu hiyo." Kisha akakuongezea sauti ya televisheni.

Ndipo alipokuja yule binti wa mazoezi ya viungo. Alikuja kukunyoosha mikono, lakini alipomaliza akachuchumaa mbele yako, akasema, "Kaka, ukikubali, tazama juu. Ukikataa, fumba macho. Unapenda kukaa hapa dukani? Usiwe na haraka, nitasubiri." Sisi tukaanza kukujibia kama kawaida yetu, "anapenda, anapenda sana," naye akatunyamazisha kwa kidole. Akasubiri kweli. Baba akazima mashine. Macho yako yakaanza kupanda, polepole, mpaka yakafika darini. Mama aliketi sakafuni palepale, juu ya nywele za watu.

Baba hakumpa mtu nafasi. "Linalofuata nauliza mimi. Mwanangu, wewe ni wa bluu, sivyo?"

Ukafumba macho. Ulifumba kwa nguvu hata uso mzima ukakunjamana.

"Hajaelewa," baba akasema. "Muulize tena."

Ukafumba tena. Binti akakuuliza kama wewe ni wa timu ya chungwa, wapinzani wetu wa jadi, na macho yakapaa juu kabla hajamaliza.

Kumbe miaka yote ile ulikuwa ukizomea. Mjomba, kaka yake mama, shabiki wa chungwa wa kufa na kupona, alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Baba alimfuata hukohuko. "Shemeji, umeniharibia mtoto ndani ya nyumba yangu. Ulimpa nini?" Mjomba akaapa hajakupa hata peremende. Ulikuwa umechagua mwenyewe, kimya kimya, ndani ya jezi ya bluu. Kesho yake baba alirudi na jezi ya chungwa ndani ya mfuko mweusi, kama mtu aliyenunua kitu cha aibu, akakuvalisha kwa mikono yake.

Tangu hapo tulikuuliza kila kitu, na loo, kukoma tulikoma. Zile ndizi za kuponda ambazo mama alikulisha kila asubuhi kwa kuwa ulizimaliza upesi, kumbe ulizimaliza upesi ziishe. Lile blanketi zito lilikuwa linakuwasha. Nilipokuuliza kuhusu nyimbo nilizokuimbia tangu utotoni, macho yalifumbwa nikiwa katikati ya swali. Nilinuna siku nzima. Mama akaniambia nishukuru kwamba sasa nina ndugu wa kugombana naye, na alisema kweli.

Wateja nao wakakuajiri. "Meneja, nimependeza?" Mwalimu wa hesabu alipata ndiyo yake, akaondoka akitembea kama bwana harusi. Dereva wa lori la mchanga hakuipata hata siku moja. Kila ukimfumbia macho alirudi kitini akasema, "Kinyozi, punguza tena kidogo," mpaka hakukuwa na cha kupunguza. Baba alikuuliza kama unamwonea yule mtu. Ulitazama juu huku ukicheka.

Kisha kifua chako kikaanza kutusumbua. Tuliingia hospitali, tukatoka, tukaingia tena. Siku ile daktari alisimama upande mmoja wa kitanda, sisi upande wa pili, akatueleza bila kuficha. Kifua kimechoka. Wanaweza kukutoboa koo wakaweka bomba la kupumulia, lakini utabaki wodini, huenda moja kwa moja. Au urudi nyumbani na dawa zako, na ukiugua tena vibaya, huenda ikawa ndiyo basi.

"Wekeni bomba," baba akasema. "Wekeni leo."

Nikamwambia, "Baba, hatujamuuliza."

"Hili si suala la ndizi," akanikaripia, mbele ya daktari. Sikumlaumu. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa kama yeye, tena moyoni nilitamani wakuwekee hilo bomba tuendelee kuwa nawe.

Ndipo ulipopiga kelele. Zamani tungesema umefurahi au unaumwa. Sasa tuliijua sauti ile vizuri, ni ile ya bluu wakifunga goli.

Baba akachuchumaa kando ya kitanda. Alikueleza yote, hata neno kufa alilitaja, ingawa lilimtoka kwa shida. Akauliza, "Tubaki hapa, wakuwekee bomba?" Ukafumba macho. "Unataka nyumbani?" Ukatazama juu.

"Hajaelewa," baba akasema, kwa sauti ndogo, na safari hii hakuna aliyecheka. Akakuuliza upya kwa maneno mengine, akasubiri, ukajibu vilevile. Akakaa pale akikushika mkono, chozi likimtiririka mpaka kidevuni, wala hakulifuta. Kisha akainuka akamwambia daktari, "Meneja amesema nyumbani."

Tukarudi nyumbani, na tulipewa msimu mzima wa ligi. Msimu gani ule. Chungwa walichukua kombe, na baba, ndani ya jezi yake ya bluu, alikusukuma wewe wa chungwa barabara yote, watu wakimzomea na mjomba akitangulia mbele na filimbi. Ulicheka mpaka tukaogopa utaanguka kitini. Sijawahi kumwona baba akishindwa kwa furaha namna ile.

Ugonjwa uliporudi, ulikukuta kitandani kwako, asubuhi, redio ikizungumza, kiganja cha mama shavuni mwako. Tulilia sana, na hata leo tunalia. Lakini hatukujiuliza hata mara moja kama ndivyo ulivyotaka, maana ulituambia.

Sasa habari ya dukani, maana najua ndiyo unayoingojea. Wiki iliyopita mama mmoja alimleta mumewe, mzee aliyepooza, asiyeweza tena kusema. "Mnyoe kipara, na ndevu zote," yule mama akasema. Baba alikwisha kuishika mashine. Akaiweka chini, akachuchumaa mbele ya mzee na magoti yake mabovu yale. "Mzee wangu, ukikubali, tazama juu. Ukikataa, fumba macho. Kipara?" Mke akaanza kujibu, baba akamnyamazisha kwa kidole. Duka zima likangoja. Dereva wa lori alikuwepo, akazima televisheni mwenyewe, bluu wakicheza.

Mzee akafumba macho.

"Kumbe hataki," mkewe akasema, akakaa kwenye benchi. Kisha akasogea karibu naye, akamuuliza la pili yeye mwenyewe, polepole, na lingine, na lingine tena. Wateja waliokuwa kwenye foleni hawakulalamika. Baba alitoka nje kujifuta uso kwa taulo la kunyolea, akarudi na nywele za watu mashavuni.

Wanaokukumbuka ni baba yako kinyozi, ambaye bado ni wa bluu lakini hazomei tena chungwa. Mama yako, ambaye hajaponda ndizi tena. Mjomba wako na filimbi yake. Dada yako, anayeimba mahali usipomsikia. Binti wa mazoezi, na wateja wote, akiwemo mmoja mwenye lori ambaye bado anadai ndiyo yake.

Pumzika, Meneja. Na ukituuliza kama tutakukumbuka siku zote, hebu tuangalie: sote tumetazama juu.